Kubadili tabia kazini bila semina wala mabango: hatua kwa hatua

Swali la jinsi ya kubadili tabia za watu kazini huja kwa sura nyingi, mzizi wake mmoja. Wafanyakazi hawarejeshi hesabu za masurufu, yaani fedha walizopewa za safari, kwa wakati. Wauguzi wanapita kwenye dawa ya mikono bila kuigusa. Mameneja wanaandika tathmini za watu wao usiku wa mwisho, zote zikifanana. Kisha inafuata sentensi ambayo nimeshaizoea: "Tumewaelimisha, tumetoa waraka mara tatu, bado." Anayeuliza huwa anatafuta waraka wa nne, ulioandikwa vizuri zaidi.

Sitakupa huo waraka. Hapa nimepanga kazi yenyewe kwa ajili ya anayeanza: huna kitengo cha utafiti, una tatizo moja la tabia, na una mkubwa anayeuliza kila Jumatatu umefikia wapi.

Nadharia ni kidogo tu. Herbert Simon alieleza kwamba akili ya mtu ina mipaka: hapimi kila chaguo, hutosheka na linalomfaa kwa wakati huo. Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba hasara humuuma mtu kuliko faida ya kiasi kilekile inavyomfurahisha. Richard Thaler, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017, aliyapeleka mawazo ya aina hii kwenye akiba za wafanyakazi na sera za serikali. Kwa kazi yako beba moja: mara nyingi mtu anajua la kufanya na hata anataka kulifanya, ila jambo limepangwa mbele yake kwa namna inayomfanya aliahirishe. Unachobadili ni huo mpangilio. Mtu mwenyewe mwache alivyo.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Namba ya leo. Ni wangapi kati ya wangapi wanafanya hilo unalolitaka? Kama hujui, wiki ya kwanza ni ya kuhesabu tu.
- Mtu mwenye mamlaka ya kugusa fomu, mfumo au utaratibu wenyewe. Ukiwa na ruhusa ya kutuma barua pepe pekee, utaishia kutuma barua pepe.
- Nafasi ya kukaa na watu wanaofanya kazi hiyo, wakiwa kazini.
- Muda wa kutosha kuona mzunguko mzima. Jambo la kila mwezi halipimwi kwa wiki mbili.

Fedha sijaiweka kwenye orodha kwa makusudi. Miradi ya aina hii niliyoiona ikiharibika, mingi iliharibika kwa kuwa na bajeti mapema mno: zikanunuliwa fulana na zawadi kabla mtu hajaisoma fomu.

Hatua ya 1. Andika tabia moja, kwa kitenzi

"Kuimarisha utamaduni wa uwajibikaji" si tabia. Huwezi kumwona mtu akiifanya. "Mfanyakazi anawasilisha marejesho ya masurufu ndani ya siku 7 tangu arudi safari" ni tabia: yupo anayetenda, lipo tendo, upo muda. Nitautumia mfano huu hadi mwisho.

Kosa la kawaida hapa ni kuandika tabia tatu kwa sababu zote ni muhimu. Chagua moja. Kosa la pili ni kuandika matokeo ("kupunguza hoja za ukaguzi") ukadhani umeandika tabia. Jiulize: nani, afanye nini, lini? Jibu likizidi mstari mmoja, rudia.

Hatua ya 2. Pita mwenyewe njia wanayopita wao

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo yenye majibu. Chukua fomu. Jifanye umerudi safari jana, una risiti mfukoni na kazi zimelundikana mezani. Anza kujaza, huku ukiandika pembeni kila mahali ulipokwama: ulipohama mfumo mmoja kwenda mwingine, ulipohitaji namba usiyokuwa nayo, ulipotafuta saini ya mtu ambaye hayupo ofisini.

Kisha kaa na watu watatu au wanne, mmoja mmoja. Usiwaulize "kwa nini huwa mnachelewa?" Swali hilo linazaa utetezi. Waulize: "Mara ya mwisho ulipoijaza, ulianza na nini? Halafu?" Mwache asimulie, usimmalizie sentensi.

Ofisi moja niliyowahi kuisaidia ilikuwa imeshaamua kwamba watu wake ni wavivu, na ilikuwa karibu kuanza kuwakata mishahara. Tulipokaa na wasafiri tukagundua fomu ilidai namba ya kifungu cha bajeti, na orodha ya namba hizo ilikuwa kwenye kompyuta za wahasibu wawili. Mtu aliandika barua pepe kuomba namba, akajibiwa baada ya siku tatu, na akili yake ikawa imeshahamia kazi nyingine. Namba zilipobandikwa kwenye fomu yenyewe, sehemu kubwa ya "uvivu" ikaisha. Mpaka leo nikisikia neno uvivu kwenye kikao naomba nionyeshwe fomu.

Mwishoni panga vikwazo vyako katika mafungu: anasahau, hajui aanzie wapi, kazi ni ndefu, haoni inamsaidia nani, anaona wenzake nao hawafanyi. Fungu lenye vikwazo vingi ndilo linalokuambia uende hatua gani kati ya zinazofuata. Huhitaji zote.

Hatua ya 3. Ondoa kabla ya kuongeza

Thaler ana neno la Kiingereza kwa vikwazo vya aina hii ambalo maana yake ni tope: saini za ziada, kurudia kuandika taarifa ambazo ofisi inazo tayari, viambatisho visivyosomwa na yeyote. Pitia fomu kipengele kwa kipengele na uulize nani anakitumia. Asipopatikana mtumiaji, kipengele kinatoka. Jina, idara, tarehe za safari na kiasi alichopewa viwe vimejazwa tayari. Mtu aweke kile anachokijua yeye tu.

Tope lina matumizi yake pia. Kama unataka jambo lipungue, liongezee hatua moja: manunuzi ya dharura yaombe sentensi moja ya sababu kabla kitufe hakijafunguka. Lakini usiliweke tope mbele ya haki ya mtu, kama likizo au malalamiko.

Hatua ya 4. Angalia nini hutokea mtu asipofanya lolote

Kila utaratibu una chaguo-msingi, yaani kinachotokea usipochagua. Hakuna utaratibu usio nacho. Swali ni kama kiliwekwa kwa kufikiri au kilijikalia tu.

Katika chuo kikuu kimoja cha Sweden watafiti walijaribu njia mbili za kupunguza karatasi. Ujumbe wa kuwasihi watu wachapishe pande mbili haukubadili kitu. Kugeuza mpangilio wa printa, ili itoe pande mbili usipochagua vinginevyo, kulipunguza karatasi kwa takriban asilimia 15. Watu walewale, kazi ileile.

Mfano unaotajwa zaidi ni wa Brigitte Madrian na Dennis Shea, wa mwaka 2001, kuhusu kampuni ya Marekani na mpango wake wa akiba ya uzeeni. Zamani ulijaza fomu ili uingie. Baadaye uliingizwa moja kwa moja, na usiyetaka ulijitoa. Ushiriki wa wafanyakazi wapya ulitoka asilimia 49 ukafika 86. Watu wananukuu hapo na kufunga. Soma mbele kidogo: wengi wa walioingizwa walibaki kwenye kiwango walichopangiwa, asilimia 3 ya mshahara, na kwenye mfuko wa uwekezaji waliopangiwa. Chaguo-msingi huvuta waliokuwa chini wapande, na huweza kuwashikilia chini ambao wangekwenda juu zaidi. Kwa hiyo unapoliweka, usiulize tu wangapi wataingia. Uliza pia kama ungependa wewe mwenyewe kubaki hapo miaka mitano.

Kwa masurufu yetu: safari inapoidhinishwa, rasimu ya marejesho ifunguke yenyewe na miadi ya nusu saa iingie kwenye kalenda ya msafiri siku anayorudi. Asiyeitaka ataifuta. Wachache watajisumbua.

Onyo: chaguo-msingi linafaa pale ambapo jambo moja linawafaa karibu wote. Mahitaji yakitofautiana sana, mlazimishe mtu achague kabla hajaendelea.

Hatua ya 5. Mkute wakati unaofaa

Ukumbusho wa Ijumaa jioni ni kelele. Ukumbusho wa asubuhi ya kwanza baada ya safari, wenye kiungo kinachofungua fomu moja kwa moja, ni msaada. Ukiweza kufanya jambo moja tu kwenye hatua hii, fanya hilo.

Ukiweza la pili, mwambie mtu aandike lini atafanya. Kwenye kampuni moja ya Marekani iliyotoa chanjo ya mafua bure kazini, ukumbusho ulioacha nafasi ya kuandika tarehe na saa uliinua waliochanjwa kwa takriban pointi 4 za asilimia, yaani watu 4 zaidi katika kila 100, kuliko ukumbusho wa kawaida. Hakuna aliyekuja kukagua walichoandika. Pointi 4 si nyingi, lakini gharama yake ni mstari mmoja kwenye karatasi.

Na kama unachoomba kinauma leo, omba cha kesho. Thaler na Shlomo Benartzi hawakuwaomba wafanyakazi waweke akiba zaidi sasa. Waliwaomba wakubali kwamba sehemu ya kila nyongeza ya mshahara ijayo iende akiba. Katika kampuni ya kwanza walikubali asilimia 78 ya waliopewa pendekezo, na akiba yao ikapanda kutoka asilimia 3.5 ya mshahara hadi 13.6 katika miezi 40. Hakuna aliyeona mshahara wake ukipungua, na ndiyo siri yake.

Hatua ya 6. Sasa gusa maneno

Nimeiweka nyuma kwa sababu kila mtu huanzia hapa.

Adam Grant na David Hofmann walibandika mabango hospitalini juu ya vitakasa mikono. Bango moja lilisema usafi wa mikono unakukinga wewe na magonjwa. Jingine lilisema unawakinga wagonjwa. Lililotaja wagonjwa ndilo lililobadili matumizi. Kila mtu hujiona ana kinga ya ajabu. Wagonjwa anawaona kitandani. Kwenye fomu yetu, badala ya "kwa mujibu wa kanuni za fedha", taja ambaye hawezi kupewa masurufu mpaka hesabu hii ifungwe.

Kuwaambia watu wenzao wanafanya nini kuna nguvu, lakini kuna mtego. Huko California, nyumba zilipoelezwa wastani wa matumizi ya umeme ya majirani, waliokuwa juu walipunguza, na waliokuwa chini wakaongeza. Kichoro kidogo cha uso unaotabasamu, cha kuwapongeza waliokuwa chini, kilitosha kuuzuia mtego huo. Kwa hiyo usiandike "asilimia 60 yetu huchelewa" ukidhani unawaaibisha. Umewaambia kwamba kuchelewa ndiyo desturi ya nyumba. Kama wengi hawafanyi, nyamaza kuhusu wengi.

Hatua ya 7. Faini na zawadi: ngoja kwanza

Uri Gneezy na Aldo Rustichini walifuatilia vituo vya kulelea watoto huko Haifa, Israel. Wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto, ikawekwa faini ndogo. Uchelewaji uliongezeka hadi kufikia karibu maradufu. Awali mzazi alimwonea haya mwalimu aliyebaki kumsubiri. Sasa alikuwa akinunua muda. Faini ilipoondolewa, uchelewaji haukurudi ulipokuwa. Haya ikishauzwa hairudishwi dukani.

Sisemi faini haifanyi kazi kamwe. Kubwa ya kutosha hutisha. Lakini faini ndogo juu ya jambo ambalo watu walilifanya kwa heshima ni hatari, na zawadi ndogo vilevile. Maliza hatua za 2 hadi 6 kwanza.

Hatua ya 8. Jaribu kwa kundi, linganisha

Chukua matawi au timu, zigawanye kwa bahati nasibu: nusu zipate utaratibu mpya, nusu zibaki kama zilivyo hadi mzunguko uishe. Usiwachague waliojitolea, maana aliyejitolea angebadilika hata bila wewe. Usigawanye watu wanaokaa meza moja, watasimuliana.

Kwa nini usipime tu kabla na baada? Kwanza, kwa kawaida unaitwa mambo yakiwa mabaya kuliko kawaida yake, na mambo mabaya hupoa yenyewe. Pili, kutazamwa peke yake hubadili mtu. Katika jaribio la marubani 335 wa shirika la ndege la Virgin Atlantic kuhusu kuokoa mafuta, hata kundi lililoambiwa tu kwamba matumizi yanapimwa lilibadilika. Waliopewa malengo yao binafsi walizidi hapo. Bila kundi la kulinganisha, sifa zote ungezipa malengo.

Ukiwa na watu 20 tu, usihesabu asilimia; tofauti ya watu wawili haisemi kitu. Washa utaratibu mpya mwezi huu, uzime unaofuata, uwashe tena, utazame kama namba inafuata.

Mwandae mkubwa wako kisaikolojia. Stefano DellaVigna na Elizabeth Linos walipokusanya majaribio ya aina hii, yale yaliyochapishwa kwenye majarida ya kitaaluma yalionyesha ongezeko la wastani wa pointi 8.7 za asilimia. Yale ya vitengo vya Marekani vinavyofanya kazi hii serikalini, yakihesabiwa yote pamoja na yaliyoshindwa, pointi 1.4. Mwahidi inayokaribia ya pili. Na usinakili ujanja kwa sababu ni maarufu: ule wa kuweka saini juu ya fomu badala ya chini, ili watu waseme ukweli, ulienea sana baada ya makala ya mwaka 2012. Makala hiyo ilifutwa mwaka 2021, baada ya kubainika kwamba data za mojawapo ya majaribio yake zilikuwa za kughushi.

Kama tabia mbaya ni ya wakubwa

Karibu kila anayeniuliza anataka kubadili walio chini yake. Makosa ya gharama kubwa mara nyingi yako juu. Jumba la opera la Sydney lilikadiriwa kumalizika mwaka 1963 kwa dola milioni 7 za Australia. Lilifunguliwa mwaka 1973, likiwa limegharimu milioni 102. Kabla mradi haujapitishwa, tumia zoezi la mwanasaikolojia Gary Klein: waambie waliopo kikaoni, "Mwaka umepita, mradi umekufa. Kila mmoja aandike ulikufa kwa nini." Waandike kimya, dakika tano, kabla mkubwa hajasema lolote. Akishasema yeye, kikao kimekwisha hata kama chai bado ipo.

Kipimo cha uungwana

Ungeweza kuwatangazia wafanyakazi wote ulichofanya na sababu yake, bila kuona haya? Anayetaka kujitoa anaweza kwa kitufe kimoja? Anayefaidika ni yeye, au ni wewe tu? Jibu lolote likikutia wasiwasi, acha.

Yakikwama

*Hakuna kilichobadilika kabisa.* Hakikisha kwanza kwamba utaratibu mpya uliwafikia watu. Mara nyingi ukumbusho uliishia kwenye folda isiyofunguliwa, au watu wa kompyuta hawakuwasha mpangilio kwenye matawi yote. Kama uliwafikia, uliweka tatizo kwenye fungu lisilo lake: umemkumbusha mtu ambaye hakusahau.

*Ilipanda, ikashuka baada ya mwezi.* Ulitegemea upya wa jambo: bango, rangi, ujumbe. Hamisha nguvu kwenye hatua ya 3 na ya 4, ambazo hazihitaji mtu azitambue.

*Wanajaza kwa wakati, lakini wanajaza ovyo.* Ulipima haraka, ukapata haraka. Ongeza kipimo cha pili, mfano fomu ngapi zilirudishwa na wahasibu, na utazame vyote viwili pamoja.

*Watu wamekasirika, wanasema wanachezewa.* Waeleze wazi ulichobadili, na uwaonyeshe pa kujitoa. Wakibaki na hasira baada ya kueleza, huenda wana haki. Rudi kwenye kipimo cha uungwana.

*Mshahara mdogo, kazi nyingi, vifaa hakuna.* Hapo usilazimishe mbinu hizi. Muuguzi asiye na maji hahitaji kusukumwa anawe mikono. Andika hivyo kwenye ripoti yako na uipeleke kwa mwenye bajeti.

*Imefanya kazi tawi moja, imegoma jingine.* Usianze kuwalinganisha watu wa matawi hayo. Nenda kwenye tawi lililogoma ukiwa na fomu mkononi, ukaijazie hukohuko, kwenye kompyuta yao na intaneti yao, ukianzia hatua ya 2.